Samaki wa Tangi Moja Wasipopatana: Dalili, Sababu na Utatuzi kwa Wafugaji wa Dodoma

Malalamiko ya wanaofuga samaki wa mapambo hapa Dodoma yanafanana sana: mikia imechanika, samaki wadogo wamepungua na mizoga haionekani, waliotoka dukani wakiwa wachangamfu wamekufa ndani ya wiki moja ilhali wa zamani wanaogelea kama kawaida. Mwenye tangi hukimbilia dawa. Mara nyingi dawa hiyo haina kazi ya kufanya, kwa sababu tatizo lilianza siku ya manunuzi, pale samaki walipochaguliwa kwa rangi bila mtu kuuliza kama wanaweza kuishi pamoja, na kama wanaweza kuishi katika maji ya Dodoma. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu inayotokea mara nyingi zaidi ndiyo iliyotangulia.

Kwanza yajue maji yako

Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dodoma hutoka kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora, na maji hayo yana madini mengi. Tazama ndani ya birika unalochemshia maji ya chai: ule ukoko mweupe unaong'ang'ania chini na kwenye mdomo wake ni madini yale yale yaliyomo ndani ya tangi lako. Haya ndiyo maji magumu. Gapi, moli, plati, goldifishi na samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa, yaani mbuna, wanayapenda au wanayavumilia vizuri. Neoni na jamii zake nyingi, ambao asili yao ni mito ya maji laini yenye asidi kidogo huko Amerika Kusini, hawakuumbiwa maji hayo, na ndiyo maana sipendekezi neoni kwa mtu anayeanza kufuga hapa.

Tunahitaji pia kukumbuka kwamba mji uko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo, maji yaliyoachwa wazi hushika oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 12 kuliko maji ya joto hilo hilo jijini Dar es Salaam. Idadi ya samaki iliyokuwa ikistahimilika katika tangi lisilo na pampu ya hewa kule pwani inaweza kuwa nyingi mno hapa.

Uwe na kipimajoto, vipimo vya amonia na nitraiti (sumu zinazotokana na taka za samaki), kipimo cha pH (kiwango cha asidi ya maji), na karatasi yenye jina la kila samaki uliye naye pamoja na urefu atakaofikia akikomaa. Karatasi hiyo hutatua migogoro mingi kuliko chupa yoyote ya dawa.

Dalili ya 1: Mapezi yamekatwa au mkia umechanika

Kabla ya kumtafuta mkosaji, lisome jeraha lenyewe. Msogelee samaki mwanga ukiwa nyuma yako. Pezi lililoumwa huwa na pengo lenye kingo safi, kana kwamba limekatwa kwa mkasi, na sehemu iliyobaki haijabadilika rangi. Pezi linalooza huwa na kingo nyeupe au nyekundu, nyuzi zake zinaning'inia, na uharibifu unasogea kuelekea mwilini siku hadi siku. Aina hizi mbili zina tiba tofauti kabisa, ijapokuwa kuumwa kusikodhibitiwa huishia kuoza.

Sababu ya kwanza, nayo ndiyo inayotokea mara nyingi mno, ni kuwachanganya samaki wenye tabia ya kuchokonoa na samaki wenye mapezi marefu yanayoelea. Babi wenye milia myeusi ndio wanaoongoza kwa tabia hii. Wakiwekwa pamoja na enjeli, beta au gapi dume mwenye mkia wa kupepea, hawataacha kuuvuta mkia huo, na hakuna chakula cha ziada kitakachowaacha wametulia.

Sababu ya pili inawashangaza wengi: babi hao hao wamewekwa wachache mno. Samaki wa kundi anayenunuliwa wawili au watatu hukosa wenzake wa kukimbizana nao, na mchezo ambao ungebaki ndani ya kundi huhamia kwa majirani. Wanapofika wanane au zaidi, katika tangi linalowatosha, ugomvi mwingi humalizana miongoni mwao. Hata hivyo hilo hupunguza tabia tu. Sitashauri mtu aongeze babi ili kumnusuru enjeli.

Sababu ya tatu ni beta dume. Huyu hupigana na beta dume mwenzake hadi mmoja afe, na huweza kumwona gapi dume mwenye rangi kali na mkia mpana kuwa mpinzani. Kwa maoni yangu beta dume apewe makazi yake peke yake, yenye maji ya joto na yasiyo na mkondo mkali. Sababu ya nne ni madume ya gapi au moli kuzidi majike. Panga majike wawili au watatu kwa kila dume, kwani vinginevyo jike mmoja hufukuzwa mchana kutwa mpaka anadhoofika.

Hatua rahisi ni kukaa mbele ya tangi kwa nusu saa bila kusogea, kisha kurudia baada ya kulisha, maana samaki wengi huacha ugomvi mtu anapokaribia wakitarajia chakula. Ukimbaini mkosaji, mhamishe yeye badala ya majeruhi, isipokuwa majeruhi amedhoofika kiasi cha kushindwa kuogelea. Badilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili kwa wiki moja. Pezi safi huanza kuota upya lenyewe, likionekana angavu kwenye kingo. Kama kingo zinazidi kuwa nyeupe licha ya maji safi, hapo ndipo dawa ya bakteria inahitajika, na itolewe katika tangi la kutengea ili isiue bakteria wazuri wa chujio wanaoondoa amonia.

Simama hapo na umwone daktari wa mifugo endapo uozo umefika kwenye shina la mkia, au endapo samaki kadhaa wanapata vidonda, wanakonda na uti wa mgongo kupinda. Dalili hizo za mwisho zinaweza kuwa kifua kikuu cha samaki, ambacho bakteria wake huweza kuingia kwa binadamu kupitia mchubuko mkononi. Usitumbukize mkono wenye kidonda. Ukipata kipele au uvimbe mkononi usiopona kwa wiki kadhaa, nenda hospitali na umweleze daktari kwamba unafuga samaki, kwa sababu bila taarifa hiyo ni vigumu kwake kuufikiria ugonjwa huo.

Dalili ya 2: Samaki wapya wanakufa, wa zamani hawana shida

Hapa ndipo watu wanapotupa fedha nyingi zaidi, na lawama zote humwangukia muuzaji. Wakati mwingine anastahili, lakini mara nyingi kifo kimetokana na safari pamoja na namna samaki walivyoingizwa kwenye maji.

Samaki wengi wa mapambo wanaouzwa hapa wameletwa kutoka Dar es Salaam wakiwa ndani ya mifuko ya plastiki. Mfuko uliofungwa kwa saa nyingi hujaa hewa chafu ya kupumua, hewa hiyo huyafanya maji yawe na asidi, na asidi huifanya amonia iliyotoka kwa samaki iwe katika hali isiyo na sumu kali. Mfuko unapofunguliwa, hewa hiyo hutoka, pH hupanda, na amonia ile ile hugeuka sumu samaki wakiwa bado ndani. Ukiongeza maji yetu magumu kidogo kidogo kwa saa nzima, kama wengi wanavyofundishwa, unaharakisha mabadiliko hayo. Amonia ya kiasi kile kile huwa na sumu takriban mara 10 zaidi katika pH 8 kuliko katika pH 7.

Kwa hiyo, kwa samaki waliosafiri muda mrefu, weka mfuko ukiwa umefungwa juu ya maji kwa dakika 20 ili joto lilingane, ufungue, uwavue samaki kwa wavu na kuwaingiza moja kwa moja, na umwage maji ya mfuko nje. Usiyaingize kwenye tangi hata tone. Kwa samaki uliyemchukua mtaa wa jirani na kufika naye nyumbani ndani ya nusu saa, utaratibu wa kuongeza maji polepole bado ni mzuri.

Sababu inayofuata ni tofauti ya ugumu wa maji. Wa zamani wameyazoea maji ya tangi kadiri yalivyobadilika. Mgeni anayakuta yalivyo. Hali hii ni mbaya zaidi katika tangi ambalo mwenyewe hujaza tu maji yanayopungua. Upepo mkavu wa Dodoma hukausha maji haraka, lakini madini hayakauki, hivyo kila ndoo ya kujazia huongeza madini mengine juu ya yaliyobaki. Kagua mstari mweupe kwenye kioo pale maji yanapoishia. Ukiwa mnene, tangi lako halibadilishwi maji ipasavyo. Tiba yake ni kuondoa asilimia 20 hadi 25 ya maji kila wiki, uyatoe chini karibu na changarawe. Msianze kwa kubadilisha nusu ya tangi kwa mkupuo, maana mabadiliko ya ghafla huwaua hata wale wa zamani.

Muulize muuzaji maji yake anayatoa wapi. Kama ametumia maji laini, andaa tangi la kutengea lenye mchanganyiko wa maji ya bomba na maji ya mvua, kisha uwazoeze wageni kwa wiki mbili hadi nne, ukiongeza sehemu ya maji ya bomba kila unapobadilisha. Maji ya mvua yakingwe baada ya mvua za kwanza kuliosha paa, na yasitoke kwenye paa lenye rangi inayobanduka. Muda huo wa kutengwa unatatua pia sababu ya tatu, ambayo ni ugonjwa ulioletwa na mgeni au ambao wenyeji wanaubeba bila kuugua.

Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaache wazi kwa saa 24, au yatie dawa ya kuondoa klorini. Maji ya kisima cha nyumbani hayana klorini, lakini yapime pH na chumvi kabla ya kuyaamini.

Dalili ya 3: Samaki wadogo wanapotea bila mzoga

Kanuni ni fupi: samaki anayeenea kwenye mdomo wa mwenzake ni chakula. Enjeli mdogo anaishi na neoni kwa amani miezi kadhaa, kisha anakua na kuwala mmoja mmoja. Oska hufikia sentimita 30 na humeza chochote kinachopita. Kambale mdogo aliyechukuliwa bwawani kwa sababu ya sharubu zake za kupendeza hawindi mchana. Washa tochi saa tano usiku, dakika moja tu, nawe utamwona akizunguka chini kati ya samaki waliolala. Kambale wetu wa kawaida huweza kuzidi mita moja na hana nafasi katika tangi la sebuleni pamoja na samaki wengine.

Kabla ya kumshitaki yeyote, angalia nyuma ya tangi, ndani ya chujio na sakafuni. Samaki huruka, hasa tangi likikosa mfuniko. Mzoga mdogo pia huliwa na wenzake usiku mmoja ukaisha, hivyo kupotea hakuthibitishi kwamba aliuawa. Pima pia amonia, huenda alikufa kwa maji mabaya. Kwa wanaotaka kuwaokoa vifaranga vya gapi, mimea mingi inayoelea husaidia kuliko kale kasanduku ka plastiki kanakombana mama.

Dalili ya 4: Mbuna waliokuwa watulivu wameanza kuuana

Mbuna wanauzwa wakiwa na sentimita tatu au nne, wa njano, wa buluu, wenye milia, wote wakiogelea pamoja kwa amani. Hiyo ni amani ya utoto. Wakishakomaa, madume hugawana mawe, na asiye na jiwe hana pa kukaa.

Sababu kubwa kuliko zote ni wingi wa madume. Tafuta dume mmoja kwa majike watatu au zaidi wa aina yake. Inayofuata ni udogo wa tangi: kwa mbuna ninahesabu lita 200 na urefu wa sentimita 120 kuwa ndio mwanzo, kwa kuwa anayefukuzwa anahitaji urefu wa kukimbilia, na kina hakimsaidii. Kisha kuna aina zilizochaguliwa vibaya. Melanochromis auratus, yule mwenye mistari ya dhahabu na nyeusi, ni mzuri sana machoni na ni mkatili kupita kiasi. Labidochromis caeruleus wa njano ni mpole kwa viwango vya mbuna, na ndiye ningemwanzishia mtu. Mwishoni kuna kufanana kwa rangi: madume wawili wa aina tofauti wenye rangi na milia inayofanana hupigana kama ndugu wa aina moja.

Anza kwa kupanga mawe upya. Mipaka ikivunjika, kila mmoja analazimika kutafuta pake upya, na mbabe hupoteza faida yake kwa siku chache. Huo ndio muda wa kuingiza wageni, kwa kundi, taa zikiwa zimezimwa. Mawe makubwa yakae kwenye sakafu ya tangi yenyewe, juu ya kipande cha plastiki laini, changarawe ije baadaye kuyazunguka. Mbuna huchimba, na jiwe lililokaa juu ya changarawe huporomoka na kuvunja kioo.

Wafugaji wazoefu hujaza mbuna wengi kiasi ili hasira ya mbabe isimwangukie mmoja. Njia hii inafanya kazi, ila inadai chujio lenye nguvu, pampu ya hewa isiyozimika na ubadilishaji wa maji usiokosa wiki. Hapa Dodoma, ambapo oksijeni ni pungufu na umeme huweza kukatika, asiye na pampu ya betri asiijaribu.

Kuna kosa la kuwachanganya mbuna na samaki wa Ziwa Tanganyika kwa hoja kwamba wote ni wa maziwa yetu na wote wanataka maji magumu. Maji ni kweli yanakaribiana. Tabia hazikaribiani: wale wadogo wa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono huvamiwa na kunyang'anywa kila kitu. Chakula nacho ni tatizo. Mbuna wengi hukwangua mwani kwenye mawe. Wakilishwa kila siku chakula chenye nyama nyingi kinachomfaa oska, tumbo huvimba, kinyesi huwa cheupe chembamba, na huacha kula. Samaki akifikia hali hiyo, wenzake wakaanza kumfuata, mtenge siku hiyo hiyo na umtafute daktari wa mifugo, kwani nafasi ya kumponya hupungua kwa haraka.

Dalili ya 5: Wote wako juu wanahema

Hii ni dharura, isubirishe mengine yote. Ongeza hewa mara moja, badilisha robo ya maji kwa maji yasiyo na klorini na yenye joto linalolingana, acha kulisha, kisha ndipo upime. Sababu ya kawaida ni kuongeza samaki wengi kwa siku moja katika tangi ambalo chujio lake bado changa. Bakteria wanaoondoa amonia huhitaji wiki nne hadi sita kujijenga. Sababu nyingine ni umeme kukatika saa nyingi. Chujio la ndani ya mkebe uliofungwa likikaa bila mkondo wa maji kwa saa kadhaa, suuza sponji yake katika ndoo yenye maji ya tangi kabla ya kuliwasha, vinginevyo litamwaga uchafu wote uliooza ndani. Sababu ya tatu ni joto la Oktoba na Novemba, kwani maji ya moto hushika hewa kidogo.

Ukigusa maji ukahisi mtetemo au kuchonyotwa, ondoa mkono, zima umeme kwenye swichi kuu bila kugusa plagi, na umwite fundi umeme. Hita iliyopasuka huua mtu.

Dalili ya 6: Madoa meupe kama chembe za chumvi

Mara nyingi huja pamoja na samaki mpya, au katika baridi ya Juni na Julai, ambapo joto la nje usiku hushuka chini ya nyuzi 15 na tangi lisilo na hita hufuata. Joto ndilo pia tatizo la kumweka goldifishi pamoja na samaki wa maji ya joto: yeye anastarehe kati ya nyuzi 18 na 23, wao wanataka 24 hadi 28, na kwa vyovyote utakavyoweka hita, upande mmoja utaumia. Dawa humwua mdudu anayeleta madoa haya akiwa anaogelea huru tu, kwa hiyo endelea hadi siku 10 au 14 hata kama madoa yametoweka. Ukipandisha joto, lipande polepole na uongeze hewa. Dawa yenye shaba huua konokono na kamba wa tangini, wahamishe kwanza.

Dalili ya 7: Msafisha kioo amegeuka adui

Samaki anayeuzwa kwa kazi ya kula mwani huwa na sentimita tano anaponunuliwa. Plekosi wa kawaida hupita sentimita 40. Mla mwani wa Kichina hubadilika akikomaa, huacha mwani na kuanza kufyonza ute wa samaki bapa kama enjeli, au wazito kama goldifishi. Alama yake ni mabaka ya mviringo ubavuni, yaliyopauka, ambayo asubuhi huwa mengi kuliko jioni. Mpe vipande vya tango au mchicha uliochemshwa usiku. Mabaka yakiendelea, hana budi kutoka.

Samaki anayeondolewa, awe huyu, oska aliyezidi tangi au mbuna mkatili, arudishwe kwa muuzaji au apewe mfugaji mwenye tangi kubwa. Asimwagwe kwenye mabwawa ya Hombolo na Mtera wala kwenye bwawa la kijiji. Samaki mgeni akizaliana huko hula mayai na vifaranga vya perege ambao watu wanawategemea kwa kitoweo, na magonjwa yake hubaki majini hata yeye akifa. Kama hakuna wa kumpokea, wasiliana na ofisa uvuvi wa halmashauri yako kabla ya kufanya lolote.